Gitaa Linalochoma

Shangazi alikuwa amekaa mstari wa mbele, pale wanapopangwa wakubwa wa familia kwenye kila sherehe, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na meza ina maji ya chupa na maua ya plastiki. Ilikuwa sendofu ya binamu yangu, ukumbi mdogo wa bati huku Isevya, Tabora, na bendi yetu ndiyo iliyopewa kazi kwa sababu bei ya undugu haina mshindani. Tulipofika wimbo wa tatu nikamwona anainuka. Hakwenda kucheza. Alimwita kijana, kijana akambebea kiti, wakasogea hadi ukutani karibu na mlango wa jikoni. Akatulia huko mpaka keki inakatwa.

Wakati wa mapumziko nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mnapiga vizuri. Ila hilo gitaa lako linachoma."

Akagusa sikio la kulia kwa kidole.

"Ya zamani hayakuwa yanachoma," akasema, akaendelea na pilau.

## Masikio ya Tabora

Angekuwa mtu mwingine ningepuuza. Lakini huyu ni mama aliyecheza muziki katika mji huu wakati Tabora ilikuwa mji wa bendi. Anaizungumzia Kiko Kids ya Salum Zahoro kama watu wa mtaani kwake. Ukimtajia Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, au mwanamuziki Shem Karenga, mtoto wa Kigoma, anakaa vizuri kwenye kiti kwanza ndipo aanze kusimulia. Shangazi hajui jina la kitufe hata kimoja cha amplifaya. Solo alizozisikia kwa karibu, hata hivyo, ni nyingi kuliko zangu.

Kilichonikera ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa naisikia tamu. Nimesimama hatua mbili kutoka kwenye amplifaya, sauti safi, nene, imeiva. Trebo, zile sauti za juu, niliona hata imepungua, nikaiongeza kidogo katikati ya wimbo.

Amplifaya ni moja. Usiku ni mmoja. Mimi naburudika, yeye anahama kiti.

Hilo lilikaa nami kwa wiki kadhaa.

## "Bila valvu utahangaika bure"

Hayo ni maneno ya mpiga rizimu wetu, na huyasema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Valvu ni zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya baadhi ya amplifaya. Yangu ni ya transista, ya mtumba, spika moja ya inchi 12, nembo imeng'oka. Yeye anaota Fender Twin Reverb, ile iliyoingia sokoni mwaka 1963, wati 85, valvu nne za 6L6 upande wa nguvu na spika mbili za inchi 12.

Naielewa ndoto yake. Valvu ikisukumwa haikati kilele cha wimbi la sauti ghafla, hukilaza taratibu. Kipigo kizito kinabanwa kidogo, kipigo chepesi kinabaki kilivyo, na sikio linaona ni unene. Lakini hayo yote hutokea pale inaposukumwa. Wati 85 ndani ya ukumbi wetu wa bati hutazisukuma popote. Mwenye ukumbi atakufukuza kabla valvu hazijaanza kutokwa jasho. Twin ukiipiga kwa sauti ya kawaida inabaki safi kabisa, na sifa yake kubwa ni hiyo hiyo.

Halafu ipo Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975. Wati 120, spika mbili za inchi 12, valvu hamna hata moja. Wapigaji wa dunia nzima wanaposema sauti safi ya gitaa, hiyo ni kati ya zinazotajwa mwanzo. Nikamwambia. Akasema, "Hiyo ni baridi." Nikamuuliza kama amewahi kuisikia ana kwa ana. Tukabadilisha mazungumzo.

(Kuna la pili ambalo hupenda kulikwepa: ndani ya amplifaya ya valvu kuna umeme unaopita volti 400, na kapasita zinaweza kubaki nao hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa umeme wa jenereta ya harusini unaopanda na kushuka, na valvu za akiba za kuagiza Dar, mimi sina haraka.)

Kwa hiyo suala la kifaa nikaliweka kando. Nikabaki na vitufe.

## Ukiweka vyote kwenye 5

Nilianzia anapoanzia kila mtu: trebo chini, besi juu. Nyumbani ikawa nzuri ajabu. Mazoezini ikapotea. Kuchoma kweli haikuchoma, maana haikusikika. Mpiga besi alinitazama kama mtu aliyeingia chumbani kwake bila hodi.

Alikuwa na haki. Uzi mnene wa gitaa ukiupiga wazi unatoa hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, na hapo ni nyumbani kwake. Uzi mwembamba wazi ni hezi 330, na ukiubana kwenye freti ya 12 unafika 659. Sasa fikiria solo za dansi zinakaa wapi. Hazikai chini. Zinazunguka freti ya 7, ya 9, ya 12, kwenye nyuzi nyembamba. Noti zenyewe ziko kati ya hezi 300 na 900 hivi. Kitufe cha besi kinagusa zaidi eneo lililo chini ya hapo, ambako solo haina kitu zaidi ya mshindo wa kiganja. Kitufe cha trebo kinagusa zaidi lililo juu ya hapo, mlio wa piki (kile kipande cha kupigia nyuzi) na waya.

Mwili wa noti umo kwenye midi, kitufe cha sauti za kati.

Na hapo ndipo amplifaya inapokuchezea. Zile za mtindo wa Fender, na nyingi zilizoziiga, zina saketi ya toni isiyoongeza chochote. Kazi yake ni kupunguza tu. Ukiweka besi, midi na trebo zote kwenye 5 unaona umekaa katikati, hujapendelea upande. Kumbe umechimba bonde kwenye eneo lile lile ambalo solo inaishi. Ukitaka mstari ulionyooka kwenye saketi ya namna hiyo, unapeleka midi 10, halafu besi na trebo unazishusha hadi karibu na sifuri. Ukiangalia paneli unaona aliyepanga hivyo amerukwa na akili.

Nikapanga hivyo. Peke yangu chumbani ilikuwa sauti mbaya: ya puani, ya ndani ya boksi, haina mng'ao. Nikaongeza trebo kidogo kidogo, besi kidogo zaidi, midi nikaishusha hadi 8. Bado peke yangu sikuipenda.

Bendi ilipoingia, ikakaa.

Kukubali jambo hilo kulinichukua muda kuliko kulielewa. Mpiga gitaa anapenda sauti yake anapokuwa peke yake, na sehemu kubwa ya maisha yake na gitaa anakuwa peke yake, usiku, volyumu chini kwa ajili ya majirani. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, Wamarekani wawili wa maabara ya Bell, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu linapoteza besi zaidi ya linavyopoteza midi. Ndiyo maana usiku unajaza besi: sikio linadai. Ukifika ukumbini ukapandisha volyumu, ile besi uliyoiongeza kufidia inarudi na faida juu, na unaanza kumlaumu mwenye ukumbi.

Siku hizi napanga sauti mchana, jirani akiwa kazini.

## Kule ukutani

Pamoja na yote hayo, bado sikuwa na jibu la shangazi. Midi inaeleza kwa nini solo inapotea. Haielezi kwa nini ilimchoma mtu aliyekaa mbele huku mimi niliye karibu zaidi nikiona trebo haitoshi.

Jumapili moja nikapita kwake Ng'ambo kumsalimia. Katikati ya habari za binamu na mume wake mpya, nikachomekea.

"Shangazi, siku ile ulipohamia ukutani, gitaa liliendelea kuchoma?"

Akafikiri.

"Kule? Hapana. Kule lilikuwa zuri. Lingekuwa linachoma ningeondoka nyumbani kabisa."

Nilikaa kimya kidogo. Nilikuwa nimeuliza kuhusu vitufe wiki zote hizo, kumbe swali lilikuwa kuhusu kiti.

Spika ya inchi 12 haitupi sauti zote sawasawa. Besi inasambaa kila upande, hata nyuma ya boksi. Lakini ukipanda kuanzia kilohezi 1 au 2 (hezi elfu moja au mbili) kwenda juu, sauti inaanza kubanwa na kuwa mwale, inakwenda moja kwa moja mbele ya koni. Anayekaa ndani ya mwale anapata trebo yote. Anayekaa pembeni anapata kiasi. Anayesimama juu yake, amplifaya iko sakafuni karibu na miguu, anapata kidogo sana.

Aliyesimama juu yake ni mimi. Aliyekaa ndani ya mwale ni yeye, mstari wa mbele, katikati. Alipohamia ukutani alitoka ndani ya mwale. Kila nilipoongeza trebo ili niisikie vizuri mimi, nilikuwa nampelekea yeye. Na ile sakafu ya saruji pamoja na ukuta wa nyuma ya jukwaa vilikuwa vinanijazia besi, ndiyo maana nikaona sauti imenenepa.

Mazoezi yaliyofuata nikampa mdogo wangu gitaa, nikamwambia akwaruze kodi (noti kadhaa kwa pamoja) yoyote kwa mpangilio wangu wa siku ile ya sendofu. Nikachuchumaa mbele ya spika, sikio usawa wa koni.

Sikukaa hapo sana.

Tulichofanya baada ya hapo hakina gharama. Amplifaya imeegemezwa nyuma, tofali limewekwa chini ya ukingo wa mbele, koni inanitazama usoni. Kama kuna kiti imara, inapanda juu ya kiti na kukata jukwaa kwa mshazari badala ya kuwaelekea wageni. Vitufe navipanga sikio likiwa ndani ya mwale. Trebo imeshuka kutoka 7 hadi 4 na siioni imepungua, kwa sababu sasa inanifikia.

## Dari la redio

Lakini alisema "ya zamani". Hilo neno halikuondoka na tofali.

Nikaanza kusikiliza upya rekodi za bendi zetu za miaka ya sitini na sabini, kwa hedifoni, nikisikiliza magitaa tu. Nilitegemea unene. Nikakuta kinyume. Solo zile ni nyembamba, kali, zinang'aa, besi karibu hakuna. Ukimpa kijana wa leo asikilize gitaa peke yake bila bendi, atasema linahitaji kurekebishwa.

Kwa hiyo shangazi anakumbuka vibaya? Nilikaa na wazo hilo siku nyingi, na sikulipenda, maana lina njia rahisi mno ya kujimaliza: wazee hupenda ya ujana wao, basi. Lakini mtu aliyehama kiti hakuwa anakumbuka, alikuwa anasikia.

Kilichonifungua ni kujiuliza alikuwa anasikilizia nini. Nyumbani, redio ya mbao yenye spika moja, masafa ya kati. Vituo vya masafa ya kati huku kwetu vinapangwa kila kilohezi 9, kwa hiyo sauti inayobebwa inaishia kwenye kilohezi 4 na nusu hivi. Bendi ingepiga kwa ukali wowote pale studio Dar, kilichozidi hapo hakikufika Tabora. Na ukumbini je? Ukumbini gitaa lilitoka kwenye spika ya gitaa, na spika ya gitaa ya inchi 12 inaporomoka kwa kasi ukipita kilohezi 5. Njia mbili tofauti kabisa, na zote zinaishia karibu mahali pamoja.

Hapo nikaona nilikuwa natafuta unene mahali ambapo haukuwa unahitajika. Magitaa ya zamani hayakuwa na besi nyingi. Yalikuwa na dari. Chini ya dari yanaweza kung'aa yatakavyo. Juu ya dari hakuna kitu, na huko juu ndiko kuchoma kunakozidi.

Nikachukua rekodi yetu ya simu ya mazoezini, nikaipitisha kwenye programu ya kurekebisha sauti na kukata kila kitu juu ya kilohezi 4 na nusu, nikampelekea shangazi. Akasikiliza, simu kaishika mbali na uso kama wanavyoshika wote wa rika lake.

"Hapo sasa. Hawa ni nani?"

"Sisi."

"Eeh. Basi mwimbaji naye afanyiwe hivyo hivyo."

## Wanaochomeka moja kwa moja

Hili naliandika kwa ajili ya wapigaji wengi wa huku kwetu, ambao amplifaya ya gitaa hawana na hawana haja ya kuona aibu. Makanisani na kwenye sherehe nyingi gitaa linachomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Spika za ukumbini zina mabomba ya trebo (honi) yanayofika kilohezi 15 na zaidi. Dari halipo. Kila mkwaruzo wa piki unawafikia waumini.

Fundi mitambo anashusha kitufe cha juu, na bado linachoma. Si uzembe wake. Kwenye mikisa ndogo nyingi kitufe cha juu kinashika kuanzia kilohezi 12, cha kati kilohezi 2 na nusu, cha chini hezi 80. Kuchoma kwa gitaa kuko kati ya kilohezi 3 na 6, katikati ya vitufe viwili. Kuna na jambo la tundu: pikapu ya kawaida, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaohmu 1. Ukiichomeka kwenye tundu la laini la kilohmu 10, sauti inafifia, uhai unatoka, na fundi kwa nia njema anapandisha trebo. Sasa una gitaa lililokufa na linalochoma kwa wakati mmoja, hali ambayo nimeisikia kanisani zaidi ya nilivyotaka.

Dawa ya tundu ni boksi la DI, kiboksi kinachokaa kati ya gitaa na mikisa na kuipa pikapu ukinzani inaoutaka. Dawa ya dari ni pedo inayoiga spika, kama ipo. Kama haipo, tafuta amplifaya yoyote ndogo yenye spika, hata ya inchi 8, weka maikrofoni mbele yake, lakini si katikati ya koni. Isogeze kuelekea ukingoni, ambako ukali umepungua. Ile spika ndogo ndiyo itakuwa dari lako.

Mengine yako mikononi na ni ya bure. Pikapu ya shingoni badala ya ya nyuma. Piki nene yenye ncha ya mviringo. Kupiga karibu na shingo, si juu ya daraja. Volyumu ya gitaa kwenye 7 badala ya 10: ukishusha, ukinzani wa kitufe na uwezo wa waya wa kushika chaji vinakula ukali wa juu kabla haujaingia popote, na waya mrefu unakula zaidi. Riveb, yaani mwangwi, kidogo tu. Ukumbi wa bati una ya kwake.

## Rizimu naye anataka

Tatizo la sasa limeletwa na mafanikio. Mpiga rizimu amesikia solo ilivyokaa, amesahau valvu, na ameweka midi yake 8.

Magitaa mawili kwenye kilima kimoja. Kodi zake zinajaza pale noti zangu zinapopita na hakuna anayesikika vizuri, hata yeye. Ukisikiliza zile bendi za zamani, rizimu ni nyembamba sana, karibu mkwaruzo mtupu, na wembamba huo ndio unaoiachia solo nafasi ya kuwa na mwili. Nimemwambia achukue pikapu ya nyuma, midi 4, besi 2, trebo apandishe kidogo ila abaki chini ya dari. Akaniuliza kwa nini mwembamba awe yeye na si mimi.

Sina jibu ambalo si la ubinafsi. Nimemwambia kwamba solo ikipotea wimbo unapotea. Akaniambia kwamba rizimu ikipotea watu wanakaa chini. Yote mawili ni kweli. Nimependekeza tubadilishane kwa wimbo, yeye awe mnene kwenye ubeti ambapo mimi nafuata tu, mimi ninenepe solo ikianza, kwa kupandisha na kushusha volyumu za magitaa bila kugusa amplifaya. Amekubali ubeti. Kiitikio bado tunabishania.

Jumamosi tuna sendofu nyingine, Ipuli. Fundi mitambo amesikia mgogoro wetu na ametutangazia mapema kwamba tukianza kupandishiana jukwaani, anatufunga wote wawili na kuiacha besi.